Hotuba na Mwamuzi Wake: Elimu ya Usemi ya Wayunani na Siasa ya Unguja

Katika maneno ambayo lugha yetu imeyapata kwa Waarabu, neno hotuba ni mojawapo ya yale yaliyopanuka maana mbele ya macho ya wazee wetu. Asili yake ni khutba, nayo hapa Unguja ilikuwa kwanza hotuba ya Ijumaa, isomwayo na khatibu juu ya mimbari, au hotuba ya ndoa, isomwayo kabla ya kuozesha. Vyama vya siasa vilipoanza, na watu wakawa wakikusanyika viwanjani kuwasikiliza viongozi wao, hapakuundwa neno jipya. Lile la mimbari lilichukuliwa likatiwa kazi ya pili. Twapenda kuanza hapa kwa kuwa yule anenaye juu ya mimbari hajibiwi. Adabu ya msikiti yawataka wasikilizaji wanyamaze mpaka hotuba imalizike, nayo ni adabu njema mahali pake. Lakini neno likihama huenda likachukua na desturi zake, na yamkini ndivyo ilivyokuwa kwa hotuba ya siasa: ikawa ni maneno ya mmoja, yashukayo kutoka juu, wala hayangoji jawabu.

Lugha yetu inalo neno jingine, shauri. Nalo asili yake ni Kiarabu, walakini halina mimbari. Shauri hukaliwa barazani. Mmoja hunena, wa pili hupinga, wa tatu huuliza, na mazungumzo yakiisha watu huinuka wakiwa wamekata jambo, au angalau wamejua ni wapi walipotofautiana. Swali letu katika kurasa hizi ni hili: hotuba za siasa za Unguja, hasa za miaka ile wazee waiitayo Zama za Siasa, kutoka 1957 hata 1964, je, zilikuwa shauri, au zilikuwa kitu kingine kilichovaa nguo za shauri? Na kwa kuwa waliolipima jambo hili kwa kanuni tangu zamani sana ni Wayunani wa kale, tutaazima mizani yao.

Wengi wetu tulipokuwa shuleni tulisimuliwa habari za Demosthenes wa Athene, aliyetia vijiwe kinywani ili auzoeze ulimi wake, tukadhani ya kuwa elimu ya usemi ya Wayunani ni elimu ya ulimi tu. Sivyo. Aristotle, aliyefariki mwaka wa 322 kabla ya Kristo, aliandika juu ya elimu hiyo kitabu chenye sehemu tatu, na mambo ya sauti yamepewa nafasi ndogo tu mwanzoni mwa sehemu ya tatu. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiarabu zamani, na wanafalsafa wakubwa, al-Farabi, Ibn Sina na Ibn Rushd, walikieleza. Lakini wao walikihesabu kuwa tawi la mantiki, kikabaki mikononi mwa wanafalsafa. Elimu iliyoenea zaidi katika madarasa ya Waislamu, hata ikafika pwani yetu, ni ile ya balagha, ambayo shabaha yake ni uzuri wa maneno, kufananisha kwake na mpangilio wake. Basi Mswahili akimsifu msemaji husema ana ufasaha, ana balagha, yaani maneno yake yapendeza. Ni mara chache kumsifu kwa kuwa amewasaidia watu kukata shauri gumu. Sehemu hiyo ya elimu ya Wayunani haikutufikia sana, nayo ndiyo tunayoitaka leo.

Aristotle agawanya hotuba namna tatu, na mgawanyo wake wafuata kazi ya msikilizaji. Namna ya kwanza ni hotuba ya shauri, inenwayo mbele ya mkutano wa raia. Hiyo yahusu mambo yajayo, na swali lake ni faida na hasara. Namna ya pili ni hotuba ya mashtaka, inenwayo mahakamani. Hiyo yahusu mambo yaliyopita, na swali lake ni haki na dhuluma. Namna ya tatu ni hotuba ya sifa, inenwayo katika sikukuu na mazishi, na swali lake ni heshima na aibu. Katika zile mbili za kwanza msikilizaji amewekwa kuwa mwamuzi: mkutanoni aamua litakalofanywa, mahakamani aamua juu ya lililokwisha kufanywa. Msemaji naye ana njia tatu za kumwaminisha mwamuzi huyo, nazo ni tabia yake mwenyewe kama ionekanavyo katika maneno yake, kuugusa moyo wa msikilizaji, na hoja.

Wasomaji wetu wamekwisha kuziona njia hizo katika Matendo ya Mitume. Tertulo, msemaji aliyeletwa kumshtaki Paulo mbele ya liwali Feliki, aanza kwa kumsifu liwali, ili auelekeze moyo wake kabla ya kuleta mashtaka. Paulo naye, aliposimama Areopago mjini Athene, aanza na madhabahu ya watu wa Athene wenyewe na kutaja maneno ya washairi wao, kwa sababu asema na watu wasiomwamini bado. Hilo la mwisho twaomba likumbukwe, kwa kuwa tutalirudia.

Tena liko jambo katika kitabu cha Aristotle ambalo lingaliwapendeza wakaa baraza wa Unguja. Asema ya kuwa hoja ya msemaji si kama hoja ya mwanachuoni, ambaye hutaja kila daraja. Msemaji huacha sehemu bila kuinena, na msikilizaji huijaza mwenyewe kwa yale ayajuayo. Je, si kazi hiyo hiyo ya methali zetu na mafumbo? Neno fumbo latoka katika kufumba, na kinyume chake ni kufumbua: mwenye kunena hufumba, mwenye kusikia hufumbua. Mtu akisema barazani, “Mgeni njoo, mwenyeji apone,” na mwingine akajibu, “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe,” hapana aliyeeleza lolote, lakini wote walioketi wamekwisha kuona hoja mbili zikishindana juu ya mgeni yule yule. Lugha imeziweka zote mbili, wala haikuifuta hata moja. Mwenye kusikia ndiye apimaye ni ipi iliyo ya kweli siku ile na kwa mgeni yule.

Kushindana uso kwa uso pia si jambo geni kisiwani. Huko Makunduchi, kusini ya Unguja, kila mwaka katika sikukuu ya Mwaka Kogwa wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa mapande ya migomba, na wanawake huimba nyimbo zao, nyingine zenye maneno makali. Baadaye kibanda cha makuti huchomwa moto, watu hula, na kinyongo cha mwaka uliopita huhesabiwa kimekwisha. Kadhalika washairi wetu katika kujibizana: desturi ni kwamba ajibuye hufuata mizani na vina vya yule aliyemwanza. Hawezi kumjibu bila kumsikiliza kwanza, silabi kwa silabi. Haya yote ni mashindano, tena makali, lakini kila upande hunena au hupiga mbele ya mwenziwe, na mwenziwe ana zamu yake.

Sasa tuziangalie Zama za Siasa. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanywa mwezi wa Julai 1957, kwa viti sita. Katika jimbo la Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, Abeid Amani Karume, aliyepata kuwa baharia na kiongozi wa wenye mashua za abiria bandarini, alishindana na Sheikh Ali Muhsin Barwani, mtu aliyesoma Makerere na kuhariri gazeti la Mwongozi. Kama ushindi ungalikuwa wa balagha, ni rahisi kukisia nani angalishinda. Lakini Karume alishinda kwa kura nyingi, na chama cha Ali Muhsin, yaani Hizbu, hakikupata kiti hata kimoja.

Kwa mizani ya Wayunani jambo hilo si la ajabu. Aristotle asema ya kuwa tabia ya msemaji karibu yazishinda njia nyingine zote kwa nguvu. Karume alisimama mbele ya watu wa Ng'ambo akiwa mmoja wao, asemaye kama wasemavyo wachukuzi na mabaharia. Kabla hajaleta hoja, nusu ya kazi ilikuwa imekwisha. Baada ya kura wapinzani wake waliupinga uraia wake mahakamani, wala hawakushinda. Shauri lile lilimzidishia nguvu, kwa kuwa kila mtu wa Ng'ambo aliyekuwa na babu kutoka bara alijiona ameshtakiwa pamoja naye. Aliyemshtaki alitaka kuiharibu tabia ya msemaji machoni pa wasikilizaji, kumbe aliwaunganisha naye. Kosa hili la ufundi laonyesha ya kuwa Hizbu, pamoja na elimu yote ya viongozi wake, walikuwa hawajajiuliza ni nani hasa asikilizaye.

Walakini kosa kubwa lilikuwa la pande zote mbili, nalo si la ufundi. Ukiyatazama yaliyonenwa viwanjani na kuandikwa katika magazeti ya miaka ile, Mwongozi upande mmoja na Afrika Kwetu upande mwingine, waona ya kuwa swali lililopewa moto wote lilikuwa la zamani. Wafuasi wa Afro-Shirazi walikumbusha utumwa: soko la watumwa lililofungwa mwaka wa 1873, hali ya utumwa iliyoondolewa kwa sheria mwaka wa 1897, na wazee waliolima mikarafuu ambayo haikuwa yao. Wafuasi wa Hizbu walikumbusha ugeni: nani alikuja lini na kutoka wapi, nani ni raia wa Sultani na nani ni mtu wa bara aliyekuja kutafuta kazi. Jonathon Glassman, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 2011, ameyafuata magazeti haya kwa makini, na jina la kitabu chake lasema ya kuwa vita vya maneno vilitangulia vita vya mawe. Mambo yajayo yalikuwako, tena mengi: wakulima wasio na ardhi wangekaa kwa masharti gani katika mashamba ya karafuu, nani angesoma na nani angeajiriwa, Unguja na Pemba zingetawaliwaje Mwingereza akiisha kuondoka. Hayo yalitajwa, lakini hayakuwa ndiyo yaliyowainua watu kutoka walipoketi.

Basi twasema hivi: zile zilizoitwa hotuba za shauri zilikuwa hotuba za mashtaka. Zilinena yaliyopita, zikauliza nani mdhulumu na nani mdhulumiwa, zikaomba hukumu. Kama zingalinenwa mahakamani zingalipata kadhi, na mshtakiwa angalikuwapo na zamu yake ya kujibu. Lakini zilinenwa viwanjani, mbele ya washtaki wenyewe. Kila chama kilikuwa na kiwanja chake, gazeti lake, na baraza zake za kahawa. Kufikia mwaka wa 1958 watu walikuwa wakisusiana maduka na mabasi, hata mazishi. Baada ya mkutano wa vyama vya Afrika ya Mashariki na ya Kati uliofanywa Mwanza mwezi wa Septemba mwaka huo, viongozi wa vyama viwili waliunda Kamati ya Uhuru ili washirikiane, na kwa muda maneno yalipoa; lakini haikudumu. Katika hali hiyo msikilizaji hakuwa mwamuzi tena. Alikuwa mwitikiaji, kama wale wanaokaa nyuma ya msomaji wa kasida, ambao kazi yao ni kuitikia kiitikio wanachokijua tangu kabla ya msomaji kufungua kinywa. Katika kasida ndiyo uzuri wake. Katika kukata mambo ya nchi ni hatari, kwa kuwa msemaji asiyekabiliwa na mtu wa kumshinda kwa hoja hana haja ya hoja, naye huongeza sauti.

Nguvu ya jambo hili yaonekana tukitazama kura. Katika uchaguzi wa Januari 1961 Afro-Shirazi walipata viti 10, Hizbu viti 9, na chama cha tatu, cha Mohammed Shamte, viti 3. Kiti cha Chake Chake Afro-Shirazi walikipata kwa kura moja tu. Chama cha tatu kikagawanyika, pande mbili zikawa sawa, 11 kwa 11, ikabidi kurudia. Katika uchaguzi wa Juni 1961 siku ya kura iliishia katika ghasia, na watu 68 wakauawa. Mwezi wa Julai 1963 Afro-Shirazi walipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 tu katika 31, na serikali ikawa ya wapinzani wao. Msomaji na aifikirie ile kura moja ya Chake Chake. Katika nchi iliyogawanyika sawasawa namna ile, mtu mmoja ambaye hajaamua alikuwa na thamani kuliko maelfu waitikiao, naye ndiye ambaye kila msemaji alimpa kisogo.

Wayunani nao walipata siku yao ya namna hiyo, na Thucydides ameiandika. Mwaka wa 427 kabla ya Kristo watu wa Athene walikuwa wameushinda mji wa Mytilene, katika kisiwa cha Lesbos, ambao ulikuwa umewaasi. Kwa hasira walikata shauri wawaue wanaume wote wa mji, na wanawake na watoto wawafanye watumwa, wakatuma merikebu kupeleka amri. Kesho yake mioyo yao iliwachoma, mkutano ukafunguliwa tena. Cleon alisimama akataka amri ishike: wamedhulumu, basi waadhibiwe. Akanena kama mshtaki, akaishika hasira ya watu asiiache ipoe. Diodotus alimjibu kwa njia ambayo huenda ikamshangaza msomaji. Hakusema ya kuwa watu wa Mytilene hawana hatia, wala hakuomba huruma. Alisema ya kuwa wao hawakuketi kama mahakama, ila wameketi kushauriana, na swali la washauri ni lipi litawafaa baadaye. Mikono ilipoinuliwa zilikaribia kuwa sawa, lakini neno la Diodotus lilishinda. Merikebu ya pili ilipiga makasia usiku na mchana, ikafika amri imekwisha kusomwa lakini haijatimizwa. Waliohesabiwa kuwa wakuu wa maasi waliuawa hata hivyo, mji uliokoka.

Diodotus hakuwa mwenye huruma zaidi katika maneno yake, na wengine wamemlaumu kwa kunena faida tupu. Lakini alijua aina ya hotuba impasayo mahali pale, na kwa kujua hivyo aliwarudishia wasikilizaji kazi yao ya uamuzi, ambayo Cleon alikuwa ameigeuza kuwa kiitikio. Tena alinena na watu ambao jana yake walikuwa wamekwisha kupiga kura kinyume chake.

Hapa msomaji aweza kutuuliza swali zito. Je, utumwa usinenwe? Kanisa la Kristo la Mkunazini limejengwa mahali pa soko lenyewe, nasi twawezaje kuwaambia wajukuu wa waliouzwa pale wanyamaze, eti hotuba ya zamani haifai kiwanjani? Swali hili hatulikwepi. Dhuluma iliyopita yapasa inenwe, tena kwa ukamilifu wake. Kuinyamazia ni dhuluma ya pili. Lakini yapasa inenwe kwa namna ya mashtaka ya kweli: mashahidi waitwe, mshtakiwa asikizwe, na hukumu iwe ya mtu asiye mwenye shauri. Ikinenwa mbele ya upande mmoja ili kuomba kura, mdhulumiwa hapati haki yake, hupata tu hasira yake iliyotiwa moto, na mjukuu wa mwenye shamba hushtakiwa kwa jambo alilolifanya babu yake, au ambalo huenda hata babu yake hakulifanya. Hali kadhalika habari ya uraia. Ile ilifikishwa mahakamani, mahakama ikajibu. Baada ya hapo ilipasa ikome. Lakini maneno ya ugeni yaliendelea viwanjani kana kwamba hapana kadhi aliyenena.

Mashtaka yasiyo na mahakama hutafuta mtekelezaji mwingine. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 serikali ilipinduliwa. Siku zile sauti iliyotoka katika redio ya Unguja ilikuwa ya John Okello, mzaliwa wa Uganda aliyepata kufanya kazi ya ujenzi huku visiwani, ambaye alijipa cheo cha juu kabisa cha kijeshi. Alitaja hesabu za askari na silaha ambazo hazikuwako, akatangaza adhabu za kuua na kuchoma. Watu wengi waliuawa, hasa Waarabu. Wayunani walitenga sana kati ya kushawishi na kushurutisha, wakaona ya kuwa mji ni mji maadamu watu wake hutumia la kwanza. Katika redio ile zile njia tatu zilikuwa zimegeuzwa zote. Tabia ya msemaji ilikuwa ni kutisha kwake, moyo wa msikilizaji uliguswa kwa hofu, na mahali pa hoja palikaa hesabu za uongo. Tena hata uso wa msikilizaji haukuonekana. Okello mwenyewe aliondolewa kufikia mwezi wa Machi 1964, lakini mashindano ya hotuba hayakurudi upesi. Chama kikawa kimoja, hata 1992.

Vyama vingi viliporudi, na uchaguzi wa 1995 ukatangazwa kwa asilimia 50.2 kwa Salmin Amour na 49.8 kwa Seif Sharif Hamad, mtu mzima wa Unguja angaliweza kudhani ni mwaka wa 1961 tena. Baraza na maskani zilijitenga kwa vyama, na Januari 2001 damu ilimwagika, hasa Pemba. Lakini twapenda kuitaja hotuba moja ya zama hizi, kwa kuwa ndani yake twaona namna ile tuliyoitafuta. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume, mwana wa Abeid Karume, alikutana na Maalim Seif Ikulu. Siku chache baadaye Maalim Seif alisimama kiwanjani Kibandamaiti, mbele ya wafuasi wake, akawaambia ya kuwa chama chao sasa chamtambua Karume kuwa Rais. Wafuasi hao walikuwa wamefundishwa kwa miaka kutomtambua, na miongoni mwao walikuwako waliomzomea.

Tukiipima hotuba ile kwa balagha hatutaihesabu miongoni mwa zilizo nzuri za Maalim Seif. Kelele za kuzomea si dalili ya msemaji kupendwa. Lakini kwa mizani ya Aristotle ni kubwa kuliko nyingi. Kwanza, ilinena yajayo. Yaliyopita yalikuwa machungu, na msemaji alikuwa na mashtaka mengi ambayo yangaliweza kumpatia makofi. Hakuyafanya kuwa ndiyo neno la siku ile. Pili, aliitumia tabia yake, yaani imani ambayo watu walikuwa nayo kwake kwa miaka mingi, kama mtu atumiaye akiba: aliitoa ili kuwanunulia watu wake jambo ambalo wao wenyewe wasingalilinunua. Tatu, na hili ndilo kubwa, alinena na watu wake kana kwamba ni watu wasiomwamini bado, kama Paulo juu ya Areopago. Aliwarudishia uamuzi. Nao waliamua: tarehe 31 Julai 2010 wananchi walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 walikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Hatusemi ya kuwa hotuba moja iliponya yote. Uchaguzi wa 2015 ulifutwa, na machungu yalirudi. Twasema tu ya kuwa jambo hili lawezekana kwa Kiswahili, na kwamba lilipata kufanywa Kibandamaiti.

Haya yatuhusu sisi walimu na makasisi kwa sababu msikilizaji hufundishwa kabla ya msemaji. Katika mijadala ya shule zetu twawapa watoto upande, twawaambia watetee, na darasa hupiga makofi kwa aliye mkali. Tungependa kushauri desturi nyingine. Kabla ya mtoto kumpinga mwenziwe, na aieleze kwanza hoja ya mwenziwe mpaka mwenziwe akiri, “Ndivyo nilivyosema,” kama vile mshairi alivyofungwa kufuata vina vya yule amjibuye. Tena watoto na wazoezwe kuuliza katika kila hotuba, iwe ya darasani au ya kiwanjani: hili ni la jana au la kesho? Likiwa la jana, kadhi ni nani, na mshtakiwa yuko wapi? Likiwa la kesho, faida ni ya nani na hasara itamwangukia nani? Mtoto aliyezoea maswali hayo atatoka kiwanjani bila kuitikia, na msemaji atalazimika kumtafutia hoja. Nasi tusimamao mimbarini tungefaa kujiuliza mara kwa mara kama twanena na mtu ambaye bado apima, au twawapa waitikiaji kiitikio chao.

Mwisho twawaomba wasomaji jambo moja la lugha. Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja msemaji: khatibu, mlumbi, mnenaji, msemi, mwenye ulimi. Kwa msikilizaji apimaye hoja za pande mbili bila kuwa wa upande wowote, maneno tuliyo nayo ni ya mahakamani tu: kadhi, hakimu, mwamuzi. Ikiwa wazee wa Makunduchi, Tumbatu au Pemba wana jina la mtu wa namna hiyo aketiye barazani, ambaye si kadhi wala si mshabiki, tutashukuru kuandikiwa, pamoja na namna litumikavyo katika mazungumzo.